Kadi Zilizozeeka Kabla ya Sendofu

Dada yangu Evelyne anapenda vitu vilivyochakaa, mradi viwe vimechakaa kwa makusudi. Kikombe chetu kikipata ufa anakitupa. Ila akiona kwenye simu kikombe kipya kilichochorwa ufa, atakuita uje uone kitu kizuri. Suruali yangu imetoboka goti kwa kuvaliwa, ananiambia niigeuze dekio. Yake ilitoboka goti ikiwa bado dukani, na anaivalia ibada ya vijana.

Kwa hiyo alipochumbiwa na Filbert wa Singe na familia ikakaa kupanga sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, nilijua mapema kwamba kadi hazitakuwa kadi za watu wenye akili timamu.

Evelyne ana steshenari hapa Bagara, chumba kimoja na mashine ya fotokopi inayokohoa. Mimi nakaa mlangoni kwake na meza yangu, nachonga mihuri. Shule niliachia kidato cha pili. Walimu waliniambia nitajuta, bado naisubiri hiyo siku. Nachonga mihuri ya kwaya, ya vikoba, ya wauza mbao, yote kwa wembe kwenye soli ya ndala. Ndala iliyovaliwa na mtu mzito ndiyo bora, soli yake imeshindiliwa ikashikana. Watu wa Babati wanagongewa risiti kwa visigino vya wenzao na hawajui.

Evelyne akaja na video. Ndani yake kuna mama wa Kizungu, nywele nyeupe, kucha safi, meza kubwa kuliko chumba chetu. Anachukua kadi nzuri kabisa, anaisugua msasa mpaka inatoka unga. Anachovya kisponji kwenye wino wa kahawia, anapapasa pembeni kadi yote kama mtu anayempaka mtoto dawa ya upele. Halafu anainyunyizia maji ili wino utoke machozi, anaikausha, anagonga muhuri wa maua, anatabasamu kama amezaa. Evelyne akanieleza kwamba lengo ni kadi ionekane imetoka kwenye sanduku la bibi. Nikamwambia sanduku la bibi yetu mimi nililifungua, lilikuwa na kitenge, dawa ya nondo na panya.

Hakucheka. Hapo ndipo nikajua hili jambo lina uzito, na uzito wenyewe unaitwa Aminiel.

Nyumbani kwetu jina hilo halitajwi wakati wa kula. Aminiel alimchumbia dada miaka mitatu nyuma. Kadi zikachapwa Arusha, zina dhahabu mpaka kwenye nukta. Mwanaume akaaga kwamba anakwenda machimbo ya Mererani kutafuta jiwe moja tu la mwisho, akapata mwanamke, na jiwe sijui. Katoni la kadi likakaa chini ya kitanda cha Mama mpaka siku alipolitoa akapikia makande. Yaliiva vizuri sana yale makande, karatasi ngumu inawaka. Ila tangu Aminiel aondoke nusu ya mji wakimsalimia Evelyne wanainamisha kichwa pembeni, kama wanamsalimia mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda kufia nyumbani.

Sasa amempata Filbert. Filbert ni fundi wa pampu za maji, mtu mpole kiasi kwamba akikuta mbuzi amelala njiani anazunguka. Evelyne alitaka kadi za safari hii zisifanane na zile kwa lolote. Hakuna dhahabu, hakuna Arusha, zitengenezwe kwa mikono yake. Na aliniambia wazi kwamba mwanaume wa pili akimkimbia hapa Babati, anafunga duka, anahamia kwa shangazi Dodoma na harudi hata kwa msiba. Evelyne akisema neno hivyo, si mtu wa kulirudia.

Basi tukazeesha. Wino wa yule Mzungu hapa haupo, nikachemsha majani ya chai mpaka yakawa kama lami, nikachanganya na kahawa na wino wangu wa mihuri. Kisponji nikakata kwenye godoro langu, upande wa miguuni. Msasa tukanunua hadwea, chupa ya kunyunyizia tukaazima saluni, inanuka mafuta ya nywele mpaka leo. Nikachonga waridi, nikachonga ndege wawili wanaopigana mabusu, nikachonga jina la Evelyne, jina la Filbert, na mihuri ya SINGO na DABO ya kuonyesha kama mwalikwa anakuja peke yake au na mwenzake.

Evelyne ndiye alikuwa na msasa. Pembeni alisugua kidogo, ila katikati, pale majina yanapokaa, alisugua kwa mapenzi yote, ili majina yaonekane yameshikwashikwa. Kisha mimi nagonga juu yake. Nikiwa mkweli, zilipendeza. Zilipendeza kwa mtu aliyeona video.

Mji wa Babati haukuona video.

Mke wa mchungaji alipokea kadi yake, akaipiga pasi. Mwenyekiti wa kamati ya sendofu, mtu mzima na miwani, aliifuta kwa kitambaa kibichi mpaka waridi likaondoka, akatupigia kutupa pole kwamba kadi zetu zimenyeshewa. Jirani yetu aliirudisha kwa adabu zote, akasema mpya zikitoka yupo, atasubiri, hana haraka. Mama aliyapokea hayo yote mlangoni huku akitabasamu, halafu akija ndani ananitazama mimi. Evelyne yeye alisema watu hawana macho. Mpaka hapo ilikuwa bado ni kichekesho, na nilicheka sana, sitadanganya.

Kisha kadi za upande wa bwana harusi zikafika Singe.

Filbert alinipigia mimi, hakuthubutu kumpigia mchumba wake. Alizunguka kwenye salamu mpaka nikamwambia shemeji, vocha ni yako lakini muda ni wangu. Ndipo akatoa. Baba yake mkubwa, Mzee Melkiori, ndiye msemaji wa ukoo tangu baba yake Filbert afariki. Alipewa kadi, akaiona imechakaa, akaipeleka dirishani akaishika juani. Karatasi pale kwenye jina la Filbert ni nyembamba, mwanga unapita. Akaita ndugu wote waone. Akasema hapa palikuwa na jina la mwanaume mwingine, limekwanguliwa. Hizi ni kadi za yule wa Mererani. Wamemkwangua Aminiel, wakamgonga Filbert juu yake kama chapa ya ng'ombe.

Na kila mtu pale Singe akakumbuka kwamba kweli, kulikuwa na kadi za mwanzo, na hakuna aliyewahi kujua zilikwenda wapi. Mama angetangaza makande yale yangetusaidia sana.

Uamuzi wa Mzee Melkiori ulikuwa mfupi. Tuje tueleze, la sivyo Jumamosi hawaji. Sendofu bila upande wa bwana harusi ni msiba wenye keki.

Nilimwambia Evelyne akiwa anatoa fotokopi ya cheti cha mtu. Aliendelea kuitoa. Akabana karatasi, akampa mteja, akamshukuru. Halafu akakaa kwenye kile kistuli, akautazama ule msasa kama ndio uliomposa.

"Nenda na vitu vyako," akaniambia. "Wazeeshee moja mbele yao. Wakishaona, waseme wenyewe kama wanakuja."

"Wasipoelewa?"

"Basi urudi unisaidie kufunga maboksi."

Kwa mila zetu bibi harusi haendi kujitetea kwa wakwe, kwa hiyo tulikwenda mimi na baba mdogo Ludovick. Baba mdogo ni mtu mzuri wa kwenda naye sokoni. Kwenye ugomvi ni hasara, kwa sababu anakubaliana na kila anayeongea. Njia nzima kwenye bajaji nilimsihi anyamaze, akakubali.

Tuliwakuta sebuleni, wazee na kina mama, wamekaa kama baraza la kata. Filbert yuko kwenye kona anatazama viatu vyake, navyo havikuwa na jipya. Mzee Melkiori alikuwa kwenye kochi kubwa, koti la suti juu ya fulana ya kampeni. Nikampa shikamoo, marahaba yake ikaja kama anatoa sadaka. Akainua kadi.

"Kijana, hii karatasi ni ya lini?"

"Ya wiki iliyopita, mzee."

"Karatasi ya wiki iliyopita inakuwa na rangi hii?"

Baba mdogo Ludovick akasema kwa kweli haiwi.

Nikamkanyaga mguu. Nikaeleza kuhusu video, Mzungu, sanduku la bibi. Nilivyokuwa naeleza nilijisikia mwenyewe nikiongea kama mwendawazimu. Jaribu siku moja kuwaambia wazee wa Singe, watu waliohangaika maisha yao yote ili vitu vyao visionekane vimechakaa, kwamba kuna watu wanachakaza vizuri kwa raha. Mama mmoja aliuliza kama huyo Mzungu hana ndugu wa kumwangalia.

Nikasema basi nitatengeneza moja hapa hapa. Nikatoa karatasi yangu ya manila, Mzee Melkiori akaikataa. Alisema ya kwangu nimeshaiandaa. Akasimama, akaenda ukutani, akachana kwenye kalenda ukurasa wa mwezi uliokuwa umeisha juzi tu, wa mwaka huu huu, akanikabidhi. Nitoe kitu cha miaka mitatu kwenye hiyo, akasema, ndipo ataamini.

Mzee huyu ni mjanja, nilimpa heshima yake hapo.

Nikaweka vitu mezani. Nikaisugua ile kalenda msasa upande wa nyuma, unga ukamwagika kwenye kitambaa cha mama mwenye nyumba. Nikapapasa pembeni kwa godoro langu, nikaminya chupa ya saluni, sebule nzima ikanuka kichwa cha mwanamke. Wino ukaanza kutembea, ukatoa madoa yenye kingo, kama chai iliyomwagika wakati wa Mjerumani. Nikaomba pasi, nikakausha. Nikagonga waridi, nikagonga ndege, nikagonga majina pale nilipopasugua. Nikamrudishia aishike juani.

Alikwenda dirishani. Mwanga ukapita kwenye jina la Filbert vile vile. Akageuza, akaona tarehe za mwezi uliopita ziko nyuma, pamoja na alama aliyoweka mwenyewe ya siku ya chanjo ya ng'ombe. Mke wake ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na wengine wakamfuata. Yule mama wa mwanzo akauliza kama naweza kufanya kinyume chake, nimsugue yeye. Baba mdogo Ludovick akasema alijua tangu mwanzo.

Mzee Melkiori peke yake hakucheka. Alikuwa anaishika ile karatasi kwa vidole viwili, anaigeuza, anainusa. Halafu akaniambia twende nikamwone ng'ombe aliyezaa.

Kwenye zizi hakukuwa na ng'ombe aliyezaa. Akachomoa kwenye koti mfuko wa plastiki, ndani yake karatasi nyeupe, imechapwa kwa kompyuta, ya moto kama ugali. Ni mkataba wa kuuziana shamba. Tarehe yake ni ya mwaka tisini na nne. Akanieleza taratibu kwamba mkataba wenyewe ulilowa na mvua, huu ni wa kuchukua nafasi yake, ila una sura ya kitoto. Mimi nina mkono mzuri, niupe umri kidogo.

Nikausoma. Polepole nasoma, lakini nafika. Shamba liko Mutuka. Mnunuzi ni Melkiori. Muuzaji ni marehemu mdogo wake, baba yake Filbert, na amesaini kwa dole gumba. Sasa, shamba la Mutuka ndilo ambalo Filbert analima na mama yake, na ndipo alipomwonyesha dada yangu nyumba itakapokaa. Na baba yake Filbert alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, amefundisha nusu ya Singe kuandika. Gumba la nini?

"Mambo ya kadi nimeyaelewa," Mzee Melkiori akasema, sauti ya chini, mkono begani kwangu. "Yameisha. Ukinisaidia hiki kidogo, yanaisha kabisa."

"Nisipoweza?"

"Utashindwaje wakati tumekuona? Undugu ni kusaidiana, kijana. Jumamosi nataka nije na watu wangu wote, kwa moyo mweupe."

Hiyo hesabu haihitaji kidato cha tatu. Nikikataa, Jumamosi hawaji na dada anafunga maboksi. Nikikubali, wanakuja, wanakula, wanacheza, halafu dada anaolewa kwenye shamba ambalo si lao. Nilimtazama yule mzee, dakika chache nyuma alikuwa tayari kuvunja uchumba kwa sababu ya karatasi mpya iliyofanywa ya zamani. Moyo mweupe. Labda nao aliusugua.

Nikamwambia sawa Baba mkubwa, niletewe vitu vyangu. Akanitengea ubao juu ya hori la kulishia, akaniletea mwenyewe, na begi. Aliniangalia nikisugua, aliniangalia nikipapasa chai, akasogea kunong'ona kwamba pembeni niongeze, panya wawe wamepita. Ni mteja anayejua anachotaka. Karatasi ilipoanza kushika umri akafurahi, akaenda kusimama kwenye kona ya zizi kulinda mtu asije. Akanipa mgongo.

Mimi nikachukua waridi.

Nikagonga waridi kuzunguka mkataba wote, kona mpaka kona, yamebanana kama maua ya kaburi. Juu kwenye kichwa cha habari nikaweka Evelyne na Filbert. Kwenye dole gumba la marehemu nikawaweka wale ndege wanaopigana mabusu, midomo yao katikati ya gumba kabisa. Na chini, penye mashahidi, nikagonga DABO. Wino wangu wa mihuri hautoki, hata waridi la mwenyekiti liliondoka tu kwa sababu kadi yake ilipelekwa kabla haijakauka. Huu niliupuliza mpaka ukakauka. Nikaukunja mkataba, nikauingiza kwenye bahasha ya kadi, nikafunga.

Mzee aligeuka akaniona na bahasha, akanyoosha mkono. Nikampita. Nikatembea kwenda sebuleni na yeye nyuma yangu anasema kijana, kijana, kwa sauti ya mtu anayetaka kukimbia bila kuonekana anakimbia.

"Shemeji," nikamwambia Filbert mbele ya wote, "Baba mkubwa ameniomba nikutengenezee kadi yako wewe, ya peke yako. Ameleta na karatasi mwenyewe."

Watu wakasema ooh. Mke wa Mzee Melkiori akamtazama mume wake kwa mshangao wa upendo, nadhani ulikuwa wa kwanza kwa miaka mingi. Mzee alisimama mlangoni. Angeweza kusema nini? Kwamba ile si kadi? Angeulizwa ni nini.

Filbert akafungua bahasha. Akasoma maua, akasoma ndege, akatabasamu kidogo. Halafu akasoma yaliyo katikati ya maua. Niliyaona masikio yake yakibadilika rangi. Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena pale penye gumba. Baba mdogo Ludovick akanyoosha shingo aone, nikamkanyaga tena.

Nilikuwa nimeweka kamari kwa mtu anayemzunguka mbuzi. Kama angeinamisha kichwa akairudisha bahasha, dada yangu alikuwa wa Dodoma, na kosa lingekuwa langu.

Filbert akaukunja ule mkataba taratibu, akautia mfuko wa shati, akafunga na kifungo. Akasimama. Sikuwahi kujua kwamba ni mrefu.

"Asante, Baba mkubwa," akasema. "Nitampa Mama aitunze. Anaujua sana mwandiko wa baba, ataifurahia." Akakigusa kile kifungo. "Jumamosi tunaondoka wote saa ngapi?"

Mzee Melkiori alilamba midomo. Alitazama kile kifungo cha shati.

"Saa nane," akasema.

"Na hakuna mwenye neno na kadi?"

"Kadi ni nzuri," akasema Mzee Melkiori.

Tulipewa chai na maandazi. Baba mdogo alikula ya kwake na ya kwangu, na mpaka leo anasimulia kwamba ule mgogoro aliutatua yeye.

Evelyne nilimkuta dukani, mlango umerudishwa nusu. Maboksi mawili matupu yalikuwa tayari yamesimama ukutani, si mtu wa kupoteza muda. Nikamwambia wanakuja wote, saa nane wanaondoka. Akakalia boksi moja, likabonyea, akaendelea kulikalia. Nikamweleza mengine yote, na shamba, na gumba. Nilidhani atamwonea Filbert huruma, au ataniambia asante, vitu kama hivyo.

"Waridi uligonga sawasawa?" akauliza. "Hukupindisha?"

Jumamosi Mzee Melkiori alifika na watu wake wote. Mimi nilikuwa getini naangalia kadi. Akanikabidhi yake bila kunitazama, nikaishika juani, nikachukua muda wangu, nikamwambia karibu Baba mkubwa, ni yenyewe. Ukumbini alikaa meza ya mbele, na upande wake wa kulia Filbert alikuwa amemkalisha mama yake. Mama Filbert alikuwa anamwekea nyama mzee kila sahani yake ikipungua, kwa heshima zote, na mzee anakula tu.

Tatizo lililobaki ni langu. Habari za Singe zilisambaa, na siku hizi wanakuja kwenye meza yangu wanaume wenye makoti, wanasubiri wateja wengine waondoke, halafu wanatoa mfuko wa plastiki. Hao hao ambao wake zao walipiga pasi kadi zetu. Wananong'ona kwamba wamesikia nina mkono mzuri. Nawaambia ninao, na kazi naifanya, ila hapa kwangu hakuna karatasi inayozeeka bila maua. Wanaangalia ndege, wanaangalia waridi, wanasema watapita kesho.